Kabla Hujalipia Bodi ya Kompyuta ya Kazi Nzito: Ninavyoipima Hapa Kisumu

Nina mteja anayepiga picha mashamba ya mpunga ya Ahero kwa droni. Akirudi mjini huwa na picha elfu mbili, tatu hivi, halafu kompyuta inazishona mpaka ziwe ramani moja. Kazi hiyo hula usiku kucha. Siku moja alinipigia simu alfajiri.

"Fundi, imezima tena."

"Ilikuwa imefika wapi?"

"Asilimia sabini na kitu. Huu usiku wa tatu, ndugu yangu, na mwenye kazi ananingoja."

Alikuwa ameshalaumu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, akalaumu kadi ya picha, akaweka Windows upya mara mbili. Nilipofungua kasha niliona kibapa cha alumini cha kupozea joto kando ya soketi ya prosesa kimeshikwa kwa vibanio viwili vya plastiki. Nikakigusa, kikacheza kama jino bovu. Mpira mwembamba wa kupitisha joto uliokuwa chini yake ulikuwa umekauka na kujikunja, kwa hiyo kibapa hakikugusa chipu hata moja. Chipu zilikuwa zinajichemsha zenyewe, na bodi ikijikata umeme ili isiungue. Prosesa haikuwa na kosa lolote.

Ubao mama, ambao sisi mafundi tunauita bodi tu, ndio unaounganisha prosesa, RAM, kadi na diski, lakini watu huununua kwa kuangalia taa za rangi na idadi ya sloti, yale mashimo ya kuchomekea. Huu ndio utaratibu ninaoufuata mteja akiniambia anataka bodi ya kazi nzito, iwe mpya au ya mtumba.

1. Anza na kazi

Andika kwenye karatasi kazi mashine itakayofanya ikiwa imelemewa zaidi. Si kazi ya kila siku, ile ya siku mbaya. Mtu wa picha za droni anahitaji RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, kuliko kitu kingine chochote, GB 64 na kuendelea. Anayechora majengo na kuyatoa kwa programu ya Blender anahitaji kadi ya picha, na kadi hiyo ikishapakia mchoro haijali sana kama imepewa njia 16 au 8 (njia nitazieleza hapa chini). Mhariri wa video za harusi anataka diski zenye mbio na sehemu kadhaa za kuzichomeka. Anayechakata takwimu kwa siku tatu mfululizo anataka bodi isiyokosea, hata ikiwa ya polepole.

Usipoandika, muuzaji atakuandikia.

2. Hesabu njia, achana na hesabu ya sloti

Hapa ndipo wengi huliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Prosesa huzungumza na kadi ya picha na diski za kasi kupitia njia za PCIe. Kila prosesa ina idadi yake ya njia, na bodi haiwezi kuziongeza. Kazi ya bodi ni kuzigawa. Njia moja ya kizazi cha 3 hupitisha takriban GB 1 kwa sekunde, kizazi cha 4 takriban GB 2, kizazi cha 5 takriban GB 4.

Sasa chukua Xeon E5-2680 v4, prosesa ya seva ya Intel ya mwaka 2016 yenye viini 14, ambayo imejaa katika mashine za mtumba. Ina njia 40 za kizazi cha 3. Kadi mbili za picha kwa njia 16 kila moja ni 32. Zinabaki 8, yaani diski mbili za NVMe, zile za kasi zinazotumia PCIe, kwa njia 4 kila moja. Hesabu imefungika vizuri. Prosesa nyingi za Ryzen, za kampuni ya AMD, za soketi ya AM5 zina njia 24 za kutumia, ukitoa zile zinazoenda kwenye chipseti, ile chipu ya bodi inayohudumia vifaa vingine. Kadi moja ya picha ikichukua 16, zinabaki 8. Ni njia zenye kasi zaidi, lakini ni chache. Ukienda juu kabisa, Threadripper Pro ya AMD ina njia 128, na hapo hesabu yenyewe huna haja nayo, una haja na mkopo.

Kwa nini basi bodi ya kawaida ina sloti nne ndefu wakati njia ni 24? Kwa sababu urefu wa sloti ni plastiki tu. Sloti inaweza kuwa na urefu wa njia 16 na ndani ikawa na nyaya za njia 4, tena zinazopita kwenye chipseti badala ya kwenda moja kwa moja kwa prosesa. Vyote vilivyochomekwa kwenye chipseti, kuanzia diski za SATA, USB, mtandao hadi M.2 (sloti ndogo ya diski za NVMe) ya pili na ya tatu, hupitia mlango mmoja. Kwenye chipseti ya B550, mlango huo ni njia 4 za kizazi cha 3, yaani GB 4 hivi kwa sekunde kwa wote. Ni kama daladala zote za mjini kulazimishwa kutokea geti moja la stendi.

Fungua mwongozo wa bodi kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta mchoro wa namna njia zilivyogawanywa, kisha ujibu maswali haya:

- Sloti ipi inatoka kwa prosesa na ipi kwa chipseti?
- Ukiweka kadi ya pili, ya kwanza inashuka kutoka njia 16 hadi 8?
- Ukijaza M.2 ya pili, ni milango gani ya SATA inayokufa? Kwenye bodi nyingi hufa miwili, na hakuna anayekuambia mpaka diski ya akiba "ipotee".
- BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, inaruhusu sloti moja ya njia 16 kugawanywa mara nne? Bila hivyo, ile kadi ya bei nafuu ya kubeba NVMe nne itaonyesha diski moja tu.

Bodi isiyo na mwongozo mtandaoni mimi siigusi, hata kama bei yake inanichekea.

3. Chaneli za RAM, na jinsi nilivyoliwa

Niliwahi kuagiza bodi ya "X99", jina la chipseti ya Intel ya mashine za kazi nzito, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Ilikuwa na sloti nne za RAM, na maelezo yalisema chaneli nne, yaani barabara nne kati ya RAM na prosesa. Nikaijaza vijiti vinne vya DDR4-2400, nikawasha, nikafungua programu ya CPU-Z kwenye ukurasa wa Memory. Pale ilipotakiwa kuandika Quad (nne) iliandika Dual (mbili).

Tofauti si ndogo. Kijiti kimoja cha DDR4-2400 kikiwa kwenye chaneli yake hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Chaneli mbili ni 38.4, nne ni 76.8. Nusu ya barabara ilikuwa imepakwa rangi tu. Nilipoondoa kibapa cha chipseti nilikuta jambo la pili: chini yake kulikuwa na H81, chipseti ya kompyuta za kawaida za ofisini ya mwaka 2013. Bodi nyingi za aina hii zinazotoka Uchina hutengenezwa kwa chipseti zilizong'olewa kwenye mashine kuukuu, halafu jina la X99 linabandikwa juu. Nyingine hufanya kazi vizuri tu, nimeziuza na hazijarudi. Ila ulipie kile ulichopata. Ya kwangu niliiweka kwenye mashine ya saiba, ambako hakuna anayezijua chaneli.

Kwa hiyo usiishie kuhesabu sloti za RAM. Prosesa za kawaida za Core na Ryzen zina chaneli mbili. Xeon E5 za v3 na v4 zina nne, na Threadripper Pro ina nane, lakini ni pale tu bodi imezifungia nyaya zote.

Kuna mtego wa pili kwa wanaonunua mpya. Ryzen 7000 kwenye AM5 inakubali rasmi DDR5-5200 ukiweka vijiti viwili. Ukijaza sloti zote nne, kasi rasmi inashuka hadi DDR5-3600. Mteja anayetaka GB 96 namwambia anunue vijiti viwili vya GB 48, aache ile hesabu ya "nitaanza na viwili, nitaongeza viwili Krismasi".

Kuhusu ECC, ile RAM inayojisahihisha, nitasema kwa kifupi. Kwa uhariri wa video huihitaji. Kwa takwimu zinazochakatwa siku tatu, ichukue. DDR5 zote zina usahihishaji wao ndani ya chipu, lakini hiyo si ECC kamili ya kulinda njia nzima hadi kwa prosesa, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hii ni DDR5, tayari ina ECC". RAM za seva za aina ya RDIMM na zile za kawaida za UDIMM hazichanganyiki kwenye bodi moja. Na kwa Ryzen, ECC hutegemea kama mtengenezaji wa bodi ameiruhusu, kwa hiyo tafuta neno hilo kwenye mwongozo.

4. Umeme kando ya soketi

Prosesa haitumii volti 12 zinazotoka kwenye pawa saplai. Hutumia volti 1 na kidogo. Kazi ya kuzishusha hufanywa na VRM, zile koili za kijivu na chipu ndogo zilizopangwa kuzunguka soketi. Piga hesabu: Threadripper 3990X ni wati 280. Kwa volti 1.2, hizo ni zaidi ya ampea 200 zinazopita kwenye eneo dogo kuliko kiganja. Soketi ya ukutani nyumbani kwako ni ya ampea 13.

Kinachoangaliwa:

Kibapa kiwe kizito, kiwe na mapezi ya kupitisha hewa, na kifungwe kwa skrubu kutokea nyuma ya bodi. Kikiwa ni kipande laini kilichochorwa joka, hilo ni pambo. Usihesabu koili ukaridhika, maana koili 16 zinaweza kuwa awamu 8, yaani mikondo 8 tu inayopokezana kazi, zilizopigwa mara mbili. Soma jina la chipu ndogo za MOSFET kama linaonekana, kisha utafute kiwango chake cha ampea.

Plagi za umeme wa prosesa za pini 8 ziwe mbili kwa prosesa kubwa. Na hakikisha pawa saplai yako inazo.

Hapo hapo nitaje mashine za kampuni kama HP Z440 na Dell Precision T5810, zile za ex-UK. Bodi zake ni imara kweli, za chipseti ya C612, na RAM za seva zinaingia. Lakini plagi zake za umeme si za kawaida za pini 24, na tundu za skrubu hazilingani na kasha la dukani. Nunua mashine nzima au usinunue. Nimeletewa bodi ya Z440 peke yake ndani ya mfuko wa nailoni, mwenyewe akiniomba niitafutie "kasha lolote tu". Nilimwambia, "Mzee wangu, hii umenunua usukani bila gari."

5. Kaunta ya duka, dakika kumi

Washa tochi ya simu, iinamishe ikae karibu sawa na bodi, usimulike kutoka juu. Kwenye soketi zenye pini, kama za Intel na Threadripper, mwanga wa kuinama hufanya pini zote zing'ae kwa mpangilio mmoja, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Pini iliyolala itaonekana kama doa jeusi au itang'aa kivyake. Piga picha ya karibu, zungusha bodi robo, piga nyingine. Pini moja iliyolala inaweza kuua chaneli nzima ya RAM, na bodi ikawaka kana kwamba haina neno.

Kisha geuza nyuma. Tafuta mikwaruzo karibu na tundu za skrubu, mahali bisibisi iliteleza. Angalia alama nyeupe au za kijani kwenye miguu ya sloti. Hapa kwetu bodi iliyokaa stoo karibu na ziwa hushika kutu upesi. Nusa. Harufu ya kuungua haitoki kwa spiriti.

Bodi ya E-ATX ni milimita 305 kwa 330, ya ATX ni 305 kwa 244. Makasha mengi ya madukani yanapokea ATX. Beba futi.

Kwa mashine za kampuni, ingia BIOS ukiwa bado dukani. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha pesa mfukoni. Na ukinunua Threadripper Pro ya mtumba, uliza ilitoka mashine gani. Zilizowahi kukaa kwenye Lenovo ThinkStation P620 huwa zimefungwa zifanye kazi kwenye bodi za Lenovo tu, na hakuna fundi wa kuzifungua.

6. Usiku mmoja wa mtihani

Bodi iliyowaka dukani haijathibitisha chochote. Omba siku moja au mbili za majaribio kabla ya kumaliza malipo. Muuzaji mwaminifu hukubali.

Jioni, weka Memtest86+ kwenye flashi, anzisha mashine kutoka hapo, nenda kalale. RAM ikiwa GB 128 mzunguko mmoja utakula saa nyingi. Kosa moja tu ni kosa. Badilisha vijiti kwa sloti: kosa likifuata kijiti, kijiti ni kibovu. Likibaki kwenye sloti, ni bodi au pini.

Asubuhi, washa mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi nyingine. Amri ninazotumia ni hizi:

`sudo dmidecode -t memory` huonyesha upana wa kila kijiti. Ukiona Total Width ni 72 na Data Width ni 64, kijiti ni cha ECC.

`sudo lspci -vv | grep -E "LnkCap|LnkSta"` hulinganisha njia ambazo kifaa kinaweza na zile kilizopewa kweli. Kadi ya picha ikipumzika itashusha kasi yake, hilo si kosa. Lakini ikiwa idadi ya njia ni x8 au x4 mahali ulipotarajia x16, chomoa kadi, safisha meno yake, rudisha. Isipobadilika, rudi kwenye mchoro wa mwongozo.

`stress-ng --cpu 0 --timeout 60m` hulemea viini vyote kwa saa nzima. Kwenye dirisha la pili weka `watch "sensors; grep MHz /proc/cpuinfo"`, uone joto na kasi pamoja. Ninachofuatilia ni kasi ya prosesa: ikianza juu na baada ya dakika ishirini ikaporomoka huku joto la prosesa lenyewe likiwa sawa, VRM inaomba msamaha. Bodi nyingi hazionyeshi joto la VRM, kwa hiyo mulika kibapa kwa kipimajoto cha mwanga cha mafundi wa friji. Ile bunduki ya kupimia homa wakati wa korona haitakusaidia, inakomea nyuzi arobaini na kitu. Mimi hutaka VRM isizidi nyuzi 90 katika chumba cha nyuzi 30. Ikipita 100, bodi hiyo sio ya kazi za usiku kucha.

Mwisho, kutafuta makosa ya PCIe, RAM na prosesa: `journalctl -k | grep -iE "aer|edac|mce"`. Ikirudi na mistari mingi ya makosa "yaliyosahihishwa", usifarijike na neno hilo. Kitu kinateleza.

Lile jaribio la joto la `stress-ng` lifanye mchana, saa nane, kasha likiwa limefungwa na mahali mashine itakapokaa. Bodi iliyofaulu saa kumi na moja alfajiri katika duka lenye AC haijapimwa kwa ajili ya chumba cha bati Nyalenda.

7. Mambo ya huku kwetu

Wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi, hasa baada ya mvua, na usiku hufuata taa. Feni huwavuta. Katika mashine moja iliyokuwa karibu na Dunga nilitoa kiganja kizima cha wadudu wakavu, wamegandamana na vumbi kwenye mapezi mpaka yakawa kama blanketi. Kwa sababu hiyo siwapi wateja wa huku bodi zenye kifeni kidogo juu ya chipseti, kama X570 nyingi za mwaka 2019. Kifeni hicho ndicho hufa kwanza, na cha kubadilisha hukipati. Zile za X570S hazina feni hiyo.

Umeme ukipotea, hatari ni unaporudi. Ndani ya BIOS tafuta mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, uweke mashine ibaki imezimwa. UPS, ile betri ya akiba, ikiwa ndogo ya VA 650 hutoa wati mia tatu na kitu tu, haiwezi kubeba mashine yenye Xeon na kadi ya picha zikiwa zimelemewa. Na radi zikianza upande wa Kakamega au Kisii, chomoa kwenye ukuta, pamoja na kebo ya mtandao. Bodi nyingi nilizopokea baada ya radi zilipigwa kupitia mtandao.

Ikiwa bodi inakuja kwa basi kutoka Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, mwambie muuzaji atoe kipozeo kikubwa cha prosesa na akipakie kando. Kikining'inia njia nzima hadi Kisumu kitapinda soketi.

Namba ya bodi iandikwe kwenye risiti, na picha za pini uzipige mbele ya muuzaji. Kile kifuniko cheusi cha plastiki kinachofunika pini, ambacho kila mtu hukitupa siku ya kwanza, kiweke ndani ya boksi. Siku ukiirudisha bodi, hicho ndicho watakachouliza kwanza.